Hesabuni Mpira Kabla ya Injini

Vijana wangu wa Jericho, Maringo, Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, nyinyi mmekulia kando ya lami, lakini siku hizi nikipita mnapokaa nasikia habari za mashamba tu. Chama hiki kimeamua kuvunja akiba yake, chama kile kimechukua mkopo wa sacco, na lengo ni moja: trekta kuukuu la kuwalimia watu kwa malipo huko Uasin Gishu, Trans Nzoia, Laikipia au Mwea. Wazo hilo sina ugomvi nalo. Kazi ya plau ni kazi halali, na mvua ikinyesha haimuulizi mtu alisomea wapi. Ninalowaonya ni hili: mnasikiliza injini, mnajaribu giaboksi, mnapandisha na kushusha haidroliki, mnavutana bei mpaka jua linazama, kisha mnalipa bila hata mmoja wenu kuinama akatazama matairi.

Mimi nimezeekea kwenye mpira. Nilianza na pancha za baiskeli kando ya Jogoo Road, nikaenda kwa matatu, nikaenda kwa malori, na miaka yangu mingi nimeimaliza Kariobangi Light Industries, ambako kitu chochote chenye magurudumu huishia siku moja. Nimefungua matairi ya matrekta yaliyoletwa juu ya lori kutoka mnadani, wenyewe wakiwa vijana kama nyinyi, wakicheka na kupiga picha. Baadhi yao walirudi kwangu kabla ya mwaka kwisha, na safari hiyo hakuna aliyetoa simu mfukoni apige picha.

Injini ya trekta la zamani si kitu cha kuogofya. Massey Ferguson 135 ilitoka mwaka 1964, na mpaka leo fundi wa kijijini anaifungua na kuifunga huku anapiga gumzo. Pistoni, ringi na nozeli zake utazipata Kirinyaga Road, ile ambayo sisi wazee bado tunaiita Grogan. Ford 5000 ni ya umri uo huo, na nayo ina mafundi wake. Mkitaka kumwona mwenye trekta akishika kichwa kwa mikono miwili, mtazameni siku tairi la nyuma limepasuka katikati ya msimu wa kulima, foleni ya wakulima ikimngoja, na mfukoni hana kitu.

Kwanza mfahamu kwa nini mpira umekuwa ghali hivi, maana anayelaumu duka peke yake hatajua ajipange vipi. Utomvu wa mti wa mpira hugemwa kwa wingi Thailand na Indonesia, na mwaka 2024 mvua kubwa na mafuriko ya Thailand yalichangia kuipandisha bei ya mpira ghafi hadi kiwango kisichokuwa kimeonekana tangu 2011. Mpira wa viwandani na masizi yanayolifanya tairi liwe jeusi hutokana na mafuta ghafi. Kwa hiyo tairi lina mabwana wawili, mti na kisima cha mafuta, na hata mmoja wao hajui kuna mtu anaitwa mkulima wa Moiben.

Halafu kuna dola. Mwisho wa mwaka 2021 dola moja ilikuwa kama shilingi 113. Januari 2024 ilifika kama 160, kisha ikashuka ikatulia karibu na 129. Chukueni tairi la mfano linalouzwa dola 500 huko linakotoka. Kwa dola ya 113 ni shilingi 56,500. Kwa dola ya 160 ni 80,000. Kwa dola ya 129 ni 64,500. Tairi halikubadilika, hakuna jino lililoongezwa, lakini mwenye trekta wa Januari 2024 alitoa zaidi ya elfu ishirini juu ya aliyenunua miaka miwili nyuma. Na tozo za bandarini hukokotolewa juu ya thamani ya mzigo kwa shilingi: ada ya tamko la uagizaji, tozo ya maendeleo ya reli iliyoanza mwaka 2013, na kodi nyingine juu yake. Shilingi ikidhoofika, tozo nazo zinanenepa hata kama serikali haikuongeza asilimia yoyote. Mfanyabiashara aliyejaza ghala wakati dola ni 160 hatawauzia kwa bei ya 129 kwa sababu mmesikia redioni kwamba shilingi imepata nguvu. Atamaliza mzigo wake kwanza.

Wazee wenzangu wa Makongeni, Mbotela na Hamza wanakumbuka siku ambazo matairi yalitengenezwa hapa hapa Nairobi. Firestone East Africa iliundwa mwaka 1969, matairi yakaanza kutoka mapema katika miaka ya 1970, na baadaye kampuni ikawa Sameer Africa yenye matairi ya Yana. Watu walivuka reli kwa miguu alfajiri kuingia Industrial Area, na jioni wakarudi na mshahara uliotokana na mpira. Mwaka 2016 kiwanda kilifungwa, kikiwa kimeelemewa na matairi ya bei ya chini kutoka nje. Arusha nako kulikuwa na General Tyre, ndugu wa rika moja, nacho kikazimika mwishoni mwa miaka ya 2000. Tangu hapo tairi la trekta tunalingoja litoke India au China, na mwenye kungoja meli hukubali bei ya meli. Mwaka 2021 gharama ya kontena ilipopaa dunia nzima, sisi wa Kariobangi tuliijua kabla ya magazeti kuiandika vizuri.

Sababu ya mwisho inawahusu nyinyi mnaopenda vitu vikuukuu. Kila trekta la kale lina rimu yake, na viwanda huacha polepole kutengeneza saizi ambazo wanunuzi wake wanapungua. Ukiwa na 18.4-30, 16.9-30 au 13.6-28 kwa nyuma, na 7.50-16 au 6.00-16 kwa mbele, utazunguka maduka machache upate. Ukiwa na rimu refu na nyembamba za zamani, utaambiwa uagize na ulipe kabla. Trekta la bei ya kutupa mara nyingi limetupwa kwa sababu hiyo hiyo, na dalali hatawaambia.

Basi mkifika kwa muuzaji, mwacheni awashe injini yake kwa raha zake. Nyinyi inameni.

Someni ubavu wa tairi. Mkiona 16.9-30, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Kistari cha katikati maana yake nyuzi za ndani zimepishana kimshazari, namna ya zamani. Mkiona herufi R mahali pa kistari, hilo ni radiali: ni laini zaidi, linakanyaga udongo kwa eneo kubwa zaidi, na bei yake iko juu. Siku hizi 16.9R30 huandikwa pia 420/85R30, kwa hiyo msimkatae mtu mwenye tairi mnalolihitaji kwa sababu ya namba mpya. Tafuteni vilevile alama ya meno. R-1 ni ya shamba la kawaida. R-2 ina meno marefu ya kukanyagia tope, na hiyo ndiyo ya majaruba ya mpunga kule Mwea. Ukipeleka R-2 kwenye udongo mkavu wa Laikipia na njia za changarawe, utakuwa unayasaga meno uliyoyalipia kwa uchungu.

Tafuteni tarehe. Matairi mengi yana tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi lenye 2309 lilizaliwa wiki ya 23 ya mwaka 2009, hata kama meno yake yamesimama wima kama la jana. Trekta lililokaa miaka uwanjani bila kazi huwa na meno mazuri na mpira uliokauka. Ingizeni ukucha kwenye shina la jino, pale linapoungana na mwili wa tairi. Mkiona nyufa nyembamba zinazotembea kutoka jino moja hadi lingine, na mkibonyeza zinafunguka, hilo halitamaliza msimu. Na tairi likiwa linang'aa weusi kupita kiasi, jueni limepakwa. Futeni kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, kisha mtazame tena.

Zungusheni gurudumu mpaka valvu iwe chini, mbonyeze pini yake. Maji yakitoka, msishtuke: wenye matrekta hujaza maji ndani ya matairi ya nyuma, hadi kama robo tatu, ili trekta liwe zito lisiteleze. Lakini sasa tazameni tundu la valvu na ukingo wa rimu. Mkiona mchirizi wa kutu umeshuka kama machozi, tyubu imekuwa ikivuja na rimu inaliwa kutoka ndani. Hapo hamnunui tairi peke yake, mnanunua na rimu. Mwisho chukueni futi ya kamba, mpime mzingo wa tairi la kulia na la kushoto. Moja likiwa kubwa kuliko jingine, difu inafanya kazi hata trekta likienda moja kwa moja, na meno ya ndani ya difu yanasagika kimya kimya. Kwa trekta linalovuta kwa magurudumu manne, mbele na nyuma pia lazima vilingane jinsi kiwanda kilivyopanga, la sivyo mtavunja gia kwa sababu ya mpira.

Yote mliyoyaona yaandikeni kwenye karatasi pamoja na bei ya kuyarekebisha, ambayo mmeiuliza dukani siku moja kabla. Kisha itoeni katika bei ya trekta mbele ya muuzaji. Akikataa, mkubali kuondoka. Trekta la laki nne lenye matairi yaliyokufa linaweza kuwazidi gharama kuliko la laki sita lenye matairi ya kazi. Rahisi ghali, wahenga hawakutania.

Sasa niseme na wale wajanja, maana Eastlands haijawahi kukosa wajanja. Bei ikipanda, njia za mkato nazo huongezeka, na nyingi nimeziona zikianzia karibu na kibanda changu. Kuna wanaochonga tairi: meno yameisha, fundi anachukua kisu cha moto anakata mifereji mipya mpaka karibu na nyuzi, tairi linaonekana kijana. Kwenye matatu kitu hicho kimewapeleka watu makaburini. Kwenye trekta kitawatoboa mfuko, kwa sababu kisiki kimoja cha mkaratusi kinalichana tairi hilo kama gazeti. Kuweka kipande cha tairi kuukuu ndani ili tyubu isitokeze kwenye jeraha ni sawa kwa kumalizia ekari zilizobaki leo. Sivyo kwa kuanzia msimu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hata wa kuziba ufa anapaswa kujua kama ukuta bado upo.

Na mawili haya siyasemi kwa mzaha. La kwanza, msichomelee rimu ikiwa na tairi juu yake, hata kama mmetoa upepo wote. Joto linapika mpira kwa ndani, gesi inajikusanya, na tairi linaweza kulipuka kwa nguvu ya kubomoa ukuta. Pale Light Industries mashine za kuchomelea ziko kila hatua, na kijana mwenye haraka atasema, "Mzee, ni doti moja tu." Doti hiyo moja inatosha kuua. La pili, mnapojaza tairi jipya la nyuma ili likae kwenye rimu, msipite pauni 35 za geji. Likikataa kukaa, toeni upepo, pakeni sabuni, mweke upya. Na anayejaza asimame mbali, kwa mpira mrefu wa kompresa, asiliinamie tairi. Vidole na taya nilizoziona zimevunjika, nyingi zilivunjwa na mtu aliyeongeza upepo kidogo tu.

Turudi kwenye hesabu, kwa sababu ndiyo hasa iliyonifanya niwaandikie. Tuseme jozi ya nyuma, pamoja na tyubu na kazi ya fundi, imewagharimu 180,000. Tuseme kwa dereva mwenye akili na upepo sahihi, jozi hiyo inalima ekari 1,500 kabla haijafika kipara. Gawanyeni: ni shilingi 120 kwa ekari. Mkiwa mnatoza 3,500 kwa ekari, hamtaisikia 120 ikitoka. Sasa tuseme dereva ni wa kukimbiza trela kwenye lami, na jozi ile ile inaishia ekari 600. Imekuwa 300 kwa ekari, na bado biashara inasimama. Namba hizi ni za mfano. Wekeni zenu na za eneo lenu. Lakini mtaona jambo ambalo wengi hawalioni: bei ya tairi ni ndogo kwa ekari na kubwa kwa siku.

Hapo ndipo wenzenu wanapoanguka. Kila ekari waliyolima ilikuwa na shilingi zake za mpira ndani yake, nao wakazigawana. Walizila kama faida, na kumbe hazikuwa zao, zilikuwa za tairi. Siku tairi lilipokuja kudai, lilidai zote kwa mkupuo mmoja, na likachagua siku mbaya. Maana tairi halipasuki Agosti trekta likiwa kivulini. Hupasuka Februari au Machi, ardhi ngumu, plau imezama, wakulima wamepanga foleni. Kwa mfano wetu, trekta linalolima ekari 8 kwa siku likilala siku kumi kungoja pesa za tairi, limepoteza shilingi 280,000 za mapato kabla ya dizeli. Tairi moja la elfu tisini limekula thamani ya matatu. Mteja aliyekwenda kwa trekta la jirani naye hatarudi mwakani kuwauliza hali.

Kuna chama kimoja cha mtaani kwetu, sitakitaja, kilinunua trekta mnadani na kikafanya kazi nzuri msimu wa kwanza. Wakagawana faida Desemba, kila mtu akaenda nyumbani na zawadi. Machi tairi la kushoto likachanika. Wakaazima tairi la rangi nyingine na la urefu mwingine, wakalima nalo msimu mzima trekta likiwa limeinama upande kama mlevi. Tairi halikuwashinda. Iliyowashinda ni difu, iliyokufa baada yake, na difu ndiyo iliyowagawanya: mweka hazina alilaumu dereva, dereva akalaumu mwenyekiti, na mwenyekiti akazima simu. Trekta liliuzwa kwa wanunua vyuma chakavu. Walioniletea lile tairi lililochanika walitaka niwatafutie mnunuzi. Nikalipeleka Gikomba kwa washona akala, ambao hupenda matairi ya nyuzi za nailoni yasiyo na waya ndani. Pesa ya tairi hilo ndiyo ya mwisho ambayo chama kile kilipata kutokana na trekta lake.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kabla trekta halijalima ekari ya kwanza, fungueni akaunti ya mpira, mbali na ya chama, yenye sahihi za watu wawili wasio ndugu. Kila ekari inayolipwa, hela ya tairi itoke siku hiyo hiyo iingie huko, kabla ya dereva na kabla ya mwenyekiti. Dereva aandike ekari kwenye daftari na mkulima atie sahihi, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kila Julai mtume mtu aulize bei ya saizi yenu katika maduka matatu, na kiwango cha kila ekari mkipandishe kama bei imepanda. Mkiona akaunti imefika bei ya tairi moja na shilingi iko imara, nunueni wakati huo msimu umelala, wauzaji wana subira na mnaweza kubembeleza. Tairi jipya lihifadhini kivulini, pasipo jua, mafuta wala mashine za umeme na za kuchomelea, kwa sababu hewa inayotoka kwenye cheche hizo huupasua mpira hata ukiwa haufanyi kazi.

Kuhusu matumizi, nitasema machache yenye uzito. Lami ndiyo adui mkubwa wa meno ya trekta. Meno hayo yameumbwa yazame kwenye udongo. Juu ya lami yanasimama kwenye ncha, yanapata joto na kusagika. Ombi la kuvuta mchanga au mahindi hadi mjini litakuja kila siku, na pesa yake ni ya haraka, lakini ihesabuni kwa bei ya mpira kabla hamjaikubali. Msipeleke trekta kilomita ishirini kwa ekari mbili. Kusanyeni wakulima wa sehemu moja kwanza, hata kama itabidi kungoja.

Upepo upimeni asubuhi tairi likiwa baridi, kwa geji. Teke la kiatu halipimi kitu. Tairi la nyuma shambani hufanya kazi kwa upepo mdogo sana ukilinganisha na gari, na kijana wa pancha aliyezoea matatu atalijaza mpaka ligeuke ngoma. Tairi gumu linakanyaga kwa mstari mwembamba katikati, linateleza, na kila mtelezo unakata mpira na kumwaga dizeli. Lenye upepo mdogo kupita kiasi nalo linakunjika ubavuni mpaka nyuzi zinakatika. Fuateni kitabu cha trekta au jedwali la mtengeneza tairi, kwa uzito wa zana mnazobeba. Kuteleza kidogo wakati wa kulima ni kawaida, kama sehemu moja kwa kumi, lakini mkiona magurudumu yanazunguka na trekta linasota, punguzeni kina cha plau au ongezeni uzito. Dereva asilazimishe kwa kukanyaga mafuta.

Na dereva mwenyewe mpangieni vizuri. Mkimlipa kwa ekari peke yake, atakimbia, kwa sababu mwendo ni pesa yake na mpira ni pesa yenu. Mwekeeni sehemu ya malipo ya mwisho wa msimu inayotegemea hali ya matairi, naye ataanza kuona visiki ambavyo awali hakuviona. Msimpe kazi hiyo binamu wa mtu kwa sababu ya undugu. Undugu haujui kupima upepo.

Tena hamlazimiki kumiliki. Kuna kampuni kama Hello Tractor, yenye makao Nairobi, zinazounganisha wenye matrekta na wakulima kupitia simu, na kuna wenye matrekta kule Rift Valley wanaotafuta watu wa kuwakusanyia wateja. Mnaweza kufanya msimu mmoja au miwili mkijifunza kazi kwa trekta la mtu mwingine, mkiona kwa macho yenu mpira unaisha vipi, huku akiba yenu ikikaa. Nimeona vijana wanaoona haya kuanza hivyo, eti watasemwa mtaani kwamba hawana chao. Asemwe anayerudi na daftari, kuliko asifiwe anayerudi na deni la sacco.

Mkutano wenu ujao, kabla ya kujadili rangi ya trekta na jina litakaloandikwa kwenye boneti, ulizaneni swali moja: tuko tayari kila ekari kuweka hela za mpira pembeni, tusiziguse hata Desemba, hata mmoja wetu akiwa na harusi au matanga? Pigeni kura, na kila mtu atie sahihi. Mkikubaliana, nendeni mkanunue, na mkipita Kariobangi nitawakagulia matairi bila malipo. Mkishindwa kukubaliana juu ya shilingi mia moja na ishirini, basi msinunue trekta. Gawaneni akiba yenu siku hiyo hiyo mkiwa bado marafiki, kwa sababu chama kisichoweza kulinda hela ndogo ya kila ekari hakitaweza kulipa tairi zima.